Je, Yampasa Mwenye Kuhamia Nchi ya Watu Kujifunza Lugha Yao?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Aliyemuumba mwanadamu na kumfundisha kubainisha, na rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Tumeulizwa na baadhi ya ndugu zetu wa hapa Mombasa na wa Malindi, ambao wana watoto na jamaa waliohamia Ulaya, suala ambalo tumeona ni bora tulijibu katika kurasa hizi kuliko kulijibu kwa mdomo barazani baada ya darasa. Wasema: Wako jamaa zetu Uingereza, Uholanzi, Ujerumani na Uswidi, wengine wamekaa huko miaka ishirini na zaidi, na mpaka leo hawajui lugha ya nchi ila maneno ya kununulia mkate. Wakiambiwa wajifunze, wengine husema hawana haja, kwani msikiti upo, duka la nyama ya halali lipo, na majirani ni Waislamu. Wengine husema makubwa zaidi, kwamba lugha ya makafiri ni katika ukafiri wao, na kuizoea ni kujifananisha nao. Wako tena waume ambao wao wenyewe huijua lugha kwa ajili ya kazi zao, lakini huwakataza wake zao kwenda kujifunza. Je, hukumu ya haya ni nini? Na mwenye kumlipa mtu amfanyie mtihani wa lugha ili apate hati ya kukaa, ana dhambi?

Jawabu letu, na tawfiki ni ya Mwenyezi Mungu, ni kwamba mwenye kuhamia nchi ya watu kwa nia ya kukaa, yampasa ajifunze lugha yao kwa kadiri ya kumwezesha kutekeleza yale yaliyomlazimu. Hatusemi kuwa lugha kwa dhati yake ni ibada kama Sala na Saumu. Twasema kuwa kitu ambacho wajibu hautimii ila kwacho, nacho huwa ni wajibu. Na kanuni hii ni mashuhuri kwa wanavyuoni wa Usuli, hata mwanafunzi mchanga huijua. Mwenye mke mgonjwa yampasa amtibishe. Mwenye watoto yampasa ajue wanafundishwa nini. Mwenye kuuza na kununua yampasa ajue ni kitu gani alichokitia saini. Ikiwa katika nchi hiyo mambo haya hayafikiliki ila kwa lugha ya wenyeji, basi kuijua si jambo la hiari tena. Mzee aliyepelekwa na wanawe akiwa na miaka sabini, na macho yake hayaoni, huyo ana udhuru wake, kwani Mwenyezi Mungu haikalifishi nafsi ila kwa uwezo wake. Lakini kijana wa miaka thelathini mwenye simu mkononi mchana na usiku, udhuru wake ni upi?

Wale wasemao kuwa lugha ya makafiri ni katika ukafiri wao, twawaomba warejee Sura Ar-Rum, aya ya 22. Hapo Mwenyezi Mungu ametaja kutafautiana kwa lugha zetu na rangi zetu pamoja na kuumbwa kwa mbingu na ardhi, akayafanya yote hayo kuwa ni ishara Zake. Hakusema kuwa lugha moja ni ishara na nyengine ni laana. Na katika Sura Ibrahim, aya ya 4, ametufahamisha kwamba hakumtuma Mtume yeyote ila kwa lugha ya watu wake, ili awabainishie. Basi walikuwako Mitume waliosema lugha nyingi zisizokuwa Kiarabu, na wahyi ukawashukia kwa lugha hizo. Lugha ni chombo; chenye kuhukumiwa ni kile kitiwacho ndani yake. Abu Jahal alikuwa Mwarabu wa Makka, fasihi wa ulimi, na ufasihi wake haukumfaa kitu. Salman alitoka Fursi, ulimi wake wa kwanza haukuwa Kiarabu, na Bwana Mtume (S.A.W.) akamhesabu katika watu wa nyumba yake.

Kujifananisha na makafiri kulikokatazwa ni katika yale yanayohusu dini yao na nembo zao: misalaba yao, sikukuu zao za ibada, na mfano wa hayo. Ama Kiingereza, mamilioni ya Waislamu leo husoma kwacho tafsiri za Kurani, hufundishana kwacho fiqhi, na huoana kwacho. Kimekuwaje basi kuwa ni nembo ya ukafiri? Tunajua kwamba ziko riwaya zilizopokewa kwa Sayyidna Umar (R.A.) za kuchukia mtu kuzoea maneno ya Kiajemi, na wanavyuoni wamezifahamu kuwa zamhusu mwenye kukiacha Kiarabu pasina haja. Na ajabu ni kuwa ndugu yetu anayetutolea riwaya hizi huzitoa kwa Kiswahili, kwani yeye mwenyewe hajui Kiarabu! Ikiwa riwaya ile yakataza kila lugha isiyokuwa Kiarabu, basi na anyamaze kwanza yeye.

Dalili iliyo wazi zaidi ni kisa cha Zaid bin Thabit (R.A.). Alikuwa kijana mdogo wa Kiansari Bwana Mtume alipofika Madina. Bwana Mtume alimwamrisha ajifunze maandishi ya Mayahudi, kwani barua zilikuwa zikija na kwenda kwa lugha yao, na hakuwa na yakini na wale waliokuwa wakimsomea na kumwandikia. Zaid akasema kuwa haukupita hata nusu ya mwezi ila alikuwa amekwisha kujua. Basi ikawa yeye ndiye anayeandika barua ziendazo kwao, na ndiye anayesoma zitokazo kwao. Kisa hiki amekipokea Tirmidhi. Tazameni sababu yenyewe. Bwana Mtume hakuridhika jambo la Waislamu liwe mikononi mwa mkalimani asiyeaminika, ilhali wakati huo Waislamu walikuwa katika mji wao na chini ya hukumu yao wenyewe. Itakuwaje hali ya Mwislamu aliye mgeni katika nchi isiyokuwa yake, naye kila karatasi imfikiayo nyumbani humpa mtu wa njiani amsomee?

Hapa yatupasa tutoe tanbihi moja. Hutajwa sana, na wakati mwengine hutajwa mimbarini, kwamba Bwana Mtume amesema kuwa mwenye kujifunza lugha ya watu husalimika na vitimbi vyao. Maneno haya si hadithi. Hayakupokewa katika vitabu vya hadithi vinavyotegemewa, wala hayana sanadi ijulikanayo. Kadhalika yale ya kutafuta ilimu hata China, wanavyuoni wa hadithi wameyadhoofisha, na wengine, kama Ibnul Jauzi, wameyahesabu katika maneno ya kuzuliwa. Maana ya maneno haya huenda ikawa nzuri, lakini hatuna haja ya kumzulia Bwana Mtume ili kuunusuru ukweli. Kisa cha Zaid chatutosha.

Na katika Sahihi ya Bukhari mna jambo ambalo sisi kila tukilisoma latufurahisha. Waislamu wa mwanzo waliohamia Uhabeshi, kuanzia mwaka wa tano wa Utume, wengine wao walikaa huko mpaka mwaka wa saba wa Hijra, wakazaa watoto huko. Miongoni mwa watoto hao ni Ummu Khalid, binti wa Khalid bin Said. Aliporejea na wazazi wake Madina alikuwa msichana mdogo. Siku moja Bwana Mtume aliletewa nguo nyeusi yenye nakshi, akaagiza Ummu Khalid aletwe, akamvika kwa mkono wake, kisha akawa aitazama ile nakshi na kumwambia, "Sanah, sanah". Nalo kwa Kihabeshi ni neno la kusema kitu ni kizuri. Basi huyu ni Mtume wa Mwenyezi Mungu, mbora wa Waarabu kwa ufasaha, amwambia mtoto aliyerudi ugenini neno la lugha ya nchi aliyozaliwa, ili moyo wake utulie. Hakumwambia, Acha maneno ya Wahabeshi. Na wazazi wake, ambao walikuwa ni katika waliotangulia mbele katika Uislamu, kama wangalijifungia ndani na kukimbia ulimi wa wenyeji, mtoto huyo angalilijuaje neno hilo?

Lakini twendeni mbali kwa nini? Sisi watu wa pwani hii ni watoto wa suala hili. Washihiri waliokuja na majahazi kutoka Hadharamauti, waliouza kahawa na kuchukua maji katika mitaa ya Mombasa na Lamu, walifika hawajui neno la Kiswahili, na haukupita muda mrefu ila wakawa wapigana utani kwacho na wateja wao. Mabulushi walioletwa kuwa askari wa Ngome zama za Sayyid Said na waliomfuatia, wakakaa Makadara, leo wajukuu wao ni Waswahili wa ndimi. Ndugu zetu wa Kihindi walishika Kikachi na Kigujarati majumbani mwao, na dukani wakasema Kiswahili, japokuwa ngeli zao hazikunyoka. Masharifu wa ukoo wa Sheikh Abubakar bin Salim walitoka Hadharamauti wakashukia Pate, na katika kizazi chao akapatikana Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir aliyetunga Al-Inkishafi, ambayo ni katika tungo tukufu kabisa za lugha yetu. Naye Habib Swaleh alitoka Ngazija akaja Lamu, akafundisha watu ambao wakubwa wa mji walikuwa hawajali kuwafundisha. Twatafautiana na baadhi ya mambo yafanywayo leo kwa jina lake, na hilo si mahali pake hapa. Lakini hapana awezaye kukanusha kwamba alikaa na watu, akasema nao kwa ulimi wao.

Hawa wote walikuwa wahamiaji. Lau wangalishikilia kuwa lugha ya wenyeji haina heshima, Uislamu wa pwani hii ungalibaki ni dini ya wageni, hukaa bandarini ukingojea msimu wa kurejea kwao.

Na waliokijua Kiswahili si sisi peke yetu, na hili ni jambo la kututia uchungu. Mmisionari Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, akazikwa mkewe na mtoto wake mchanga katika wiki zake za mwanzo, naye akaendelea kujifunza lugha hii, mpaka kamusi yake ikapigwa chapa London mwaka 1882. Kasisi Dale wa Zanzibar alitoa tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili mwaka 1923, akaitia maelezo ya kuupinga Uislamu. Mwaka 1953 Makadiani nao wakatoa yao, na mwenye kuisimamia alikuwa ni mtu aliyetoka Bara Hindi, akajifunza Kiswahili ukubwani. Sisi tulikuwa wapi? Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Mwenyezi Mungu amrehemu, alianza kuandika gazeti lake la Sahifa mwaka 1930, na Al-Islah mwaka 1932, akiwasemesha watu kwa lugha waijuayo, wakati wenzake wengi wakiona kuwa ilimu ikiandikwa kwa Kiswahili imeshuka daraja. Tafsiri nzima ya Sheikh Abdalla Saleh Farsy haikutoka ila mwaka 1969. Basi watu waliokuja kututoa katika imani yetu walijua thamani ya kusema na watu kwa ulimi wao kabla yetu sisi tuliozaliwa nao. Na huko Ulaya leo, jirani Mzungu akitaka kujua Uislamu ni nini, atamuuliza nani? Jirani yake Mwislamu hawezi kumjibu. Atakwenda kuuliza kwa mtu mwengine, na huenda mtu huyo ni adui.

Uko mfano mwengine ulio karibu nasi, nao ni wa wale ndugu zetu waliotoka Unguja baada ya mapinduzi ya Januari 1964, wakaenda Oman, na hasa baada ya mwaka 1970, Sultan Qaboos alipotawala na kuwafungulia mlango. Kwa nasaba walikuwa wakirejea kwao. Majina yao ni ya Kiomani, makabila yao yajulikana, makaburi ya babu zao yako Nizwa na Rustaq na Sharqiya. Lakini wengi wao walipofika, ndimi zao zilikuwa za Kiswahili, na Kiarabu chao ni cha Sala na cha msahafu. Wakaitwa Wazinjibari, na jina hilo halikusemwa kwa heshima kila wakati. Mtu aliyekuwa akijiita Mwarabu Unguja akaambiwa Maskati kuwa si Mwarabu. Hapa wako waliojifunza Kiarabu wakiwa watu wazima, na vitabu vya watoto mikononi, bila kuona haya. Wakaingia katika maofisi, mahospitali na maskuli, wakaifaa nchi ile iliyokuwa ikijengwa upya, na Kiingereza walichokuwa nacho kikawasaidia zaidi. Na wako waliosema, Sisi ni Waarabu, tufundishwe Kiarabu na nani? Hao kiburi cha nasaba kiliwafungia mlango ambao nasaba yenyewe iliwafungulia. Leo mwenye kwenda Maskati husikia Kiswahili sokoni na majumbani, na watoto husema Kiarabu kama watoto wengine wa nchi. Kwa hiyo wasemao kuwa lugha ya pili huila ya kwanza, nawaende wakatazame.

Sasa tuje katika lile ambalo kwetu sisi ndilo zito kuliko yote, nalo ni la wanawake. Tumepata habari, si mara moja wala mbili, za mama wa Kiislamu wa pwani hii aliyeko Ulaya, ambaye akiugua huenda kwa daktari na mwanawe wa kiume wa miaka kumi, na mtoto huyo ndiye mkalimani wake. Ugonjwa wenyewe ni wa tumboni, au wa hedhi, au wa uzazi. Daktari huuliza, mtoto husikia lisilompasa kusikia, na mama huulizwa na mwanawe lisilompasa kuulizwa naye. Basi mama huficha nusu ya ugonjwa kwa haya, na daktari humtibu kwa nusu aliyoisikia. Wako wanawake ambao maradhi yao yalijulikana yakiwa yamekwisha komaa, kwa sababu hii tu. Hata pale hospitali iletapo mkalimani, mara nyengine huwa ni mwanamume, tena mtu wa mtaa uleule, na siri ya nyumba huwa imefika barazani kabla ya Magharibi.

Je, hii ndiyo stara? Mume amkatazaye mkewe kwenda katika darasa la wanawake kujifunza lugha, kwa kusema kuwa amhifadhia heshima yake, kisha akamwacha awekwe wazi mbele ya mwanawe na mbele ya jirani, amehifadhi nini? Na moto ukitokea nyumbani, naye yuko kazini, mkewe atapiga simu na kusema nini? Imam Ghazali ametaja katika habari za haki za mke kwamba mume asipomfundisha mkewe yale ya dini yanayompasa, wala asimuulizie, basi mke ana haki ya kutoka kwenda kuuliza, na mume hupata dhambi kwa kumzuia. Sisi twaona kuwa kuhifadhi roho na stara, mahali ambapo havihifadhiki ila kwa lugha, hayako mbali na hukumu hiyo. Mume ana haki ya kuangalia mahali pa darasa, na waalimu wake, na njia ya kwendea. Hilo ni katika usimamizi wake. Hana haki ya kumfanya mke kiziwi na bubu katika nchi aliyompeleka yeye mwenyewe. Na tusifichane: wengine hawaogopi fitina hata kidogo. Huogopa mke akijua kusoma, atazisoma barua za benki na za serikali, ajue ni kiasi gani kinachoingia nyumbani kwa jina lake na la watoto wake.

Na mtoto yule aliyefanywa mkalimani, yeye naye ameharibika kwa njia nyengine. Mwalimu humwita baba skuli kumwambia kuwa mwanawe hasomi, na tarjumani ni mwana mwenyewe! Atamwambia baba nini, ila kwamba mwalimu amsifu? Mtoto anayejua kuwa babake hawezi kusoma barua wala kujibu simu, humwona babake ni mdogo. Na mtoto akishamwona babake ni mdogo, ile nasaha ya babake juu ya Sala na juu ya marafiki wabaya huiona ndogo vilevile. Wazazi wengi hudhani kuwa lugha ya wenyeji ndiyo iliyowapotezea watoto. Sisi twaona kuwa mara nyingi ni kutoijua kwao wazazi ndiko kulikowapotezea, kwa kuwa mtoto alikwenda akakaa katika nyumba ambayo baba hana ufunguo wake.

Hatusemi Kiswahili kiachwe. Nani awezaye kusema hivyo, naye amelelewa kwacho? Nyumbani na kisemwe Kiswahili, mama na babu waongee kwacho, barua za nyumbani ziandikwe kwacho. Katika baadhi ya nchi, kama Uswidi, serikali yenyewe huwapa watoto wa wageni haki ya kufundishwa lugha ya mama skuli, kwa masharti yake. Na wazazi wetu, kwa kutojua kusoma tangazo, hawaombi! Watazameni ndugu zetu wa Barawa. Walifukuzwa na vita vya Somalia mwaka 1991, wakaja hapa Mombasa wakakaa kambini, na Chimiini chao, kwa kuwa ni ndugu wa Kiswahili chetu, kikawafanya wasikawie kutuelewa. Kisha wengi wakaenda London, na Columbus huko Marekani, wakajifunza Kiingereza. Chimiini ndiyo lugha ambayo Sheikh Uways na Dada Masiti waliitungia mashairi ya dini. Hofu yao leo ni kuwa watoto hawataisema tena, na hofu hiyo ni ya haki. Lakini dawa yake haikuwa kukikimbia Kiingereza. Waliojizatiti kati yao wameziandika zile tungo na kuzieleza, na waweza kumfundisha mtoto maana yake kwa lugha zote mbili, kwa sababu wao wazijua zote mbili.

Na misikiti ya huko nayo ina lake. Kijana aliyezaliwa Uingereza, ambaye hajui Kiurdu wala Kisomali wala Kiswahili ila cha jikoni, huketi Ijumaa akisikiliza khutba kwa lugha ya kijijini kwa babu yake, asifahamu kitu, kisha twashangaa ameacha kuja. Nguzo za khutba na zisomwe kwa Kiarabu kama zilivyo. Mawaidha yatolewe kwa lugha ambayo waliohudhuria wanaifahamu. Jambo hili wazee wetu waliligombania hapa pwani, na wako waliotukanwa kwa ajili yake. Hatutarajii kuwa litagombaniwa upya Leicester. Katika Sahihi ya Bukhari tena, Abu Jamra asema kuwa yeye alikuwa akitarjumu baina ya Ibn Abbas na watu. Ikiwa Ibn Abbas, ambaye ni bahari ya ilimu, hakuona taabu maneno yake kutarjumiwa, imamu wetu wa leo aona taabu gani?

Kuna jambo moja latuhusu sisi tuliobaki huku. Mgeni ajapo kwetu, kutoka bara au kutoka Somalia au kutoka Kongo, akasema Kiswahili cha kuvunjika, sisi humcheka. Humwigiza barazani. Muuza duka humjibu kwa Kiingereza ili kumwonyesha kuwa Kiswahili chake hakifai. Kisha twamlaumu kuwa hataki kujifunza! Mwenye kuchekwa mara tatu hunyamaza, na mwenye kunyamaza hajifunzi. Watoto wetu huko Ulaya wanaogopa kufungua kinywa kwa sababu hiyohiyo, na sisi hatupendi wachekwe. Mwenye kulichukia jambo likimfika mwanawe na asilifanye kwa mwana wa mwenzake.

Imebaki suala la mtihani. Nchi nyingi zimelifanya jambo hili kuwa sharti. Uholanzi kuanzia mwaka 2006, na Ujerumani kuanzia mwaka 2007, zimewataka wengi wa wale wanaomfuata mume au mke waonyeshe kuwa wajua kidogo cha lugha kabla ya kusafiri. Uingereza nayo ikaweka sharti kama hilo mwaka 2010. Wako waonao kuwa masharti haya yana dhulma ndani yake, kwa kuwatenganisha mke na mume miezi na miaka, nasi hatuwezi kusema kuwa wamekosea kwa kila hali. Lakini mwenye kuomba ruhusa ya kuingia nchi ya watu akapewa kwa sharti, ameingia katika ahadi, na Mwenyezi Mungu ameanza Sura Al-Maida kwa kuwaamrisha walioamini watimize ahadi zao. Kumlipa mtu akafanye mtihani kwa jina la mwengine ni uwongo, na ni hadaa, na ni kula fedha kwa batili kwa yule aliyelipwa. Bwana Mtume amejitenga na mwenye kughushi, wala hakubagua kuwa ghushi kwa asiyekuwa Mwislamu ni halali. Wasaidizi wa safari waliopo mjini wanaowaambia watu kuwa "makafiri si kitu kuwahadaa" wataka ada yao tu.

Wanawake wanaongojea hati, na waume zao wametangulia, twawanasihi miezi hiyo ya kungoja waifanye ya kusoma. Darasa letu limekubaliana kuwa chumba cha chuo, kati ya Laasiri na Magharibi, kitakuwa wazi kwa mwalimu mwanamke yeyote mwenye lugha ya nchi hizo aliye tayari kufundisha, na wanaotaka kujifunza wajiandikishe kwa bibi mwalimu wa chuo.

Ama yule ambaye amekwisha kufanya hadaa hiyo, na hati anayo, na watoto wako skuli huko, naye auliza afanyeje: tumwambiayo ni kuwa atubie kwa Mola wake, asiirudie wala asimwelekeze mwengine kwenye mlango huo, na aanze tangu leo kujifunza mpaka afike pale hati ilipoandika kuwa amefika. Hati imesema kuwa ajua. Basi na ajue. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.